Uzi maalumu: kanda za maonyesho ya Grateful Dead, wenye masikio tukutane hapa

#1 KandaYaTisini

Wakuu, habari za usiku.

Mimi ni msomaji wa jukwaa hili la muziki kwa miaka. Huwa nachangia kidogo kwenye nyuzi za dansi na rumba, kwingine napita kimya. Leo nafungua wangu. Najua mada ina watu wachache huku kwetu, lakini tupo, maana wiki iliyopita kuna mdau kwenye uzi wa rumba aliandika "Cornell 77", jina la onyesho moja la Dead la 1977, bila maelezo yoyote na watu watatu wakampa kidole gumba. Nyinyi watatu, jitokezeni.

Kwa wasioijua: Grateful Dead ni bendi ya California. Ilianza 1965 pale Palo Alto ikiitwa Warlocks, ikafungwa baada ya mpiga gitaa wake, Jerry Garcia, kufariki Agosti 1995. Katika miaka hiyo 30 walipiga maonyesho zaidi ya 2,300. Albamu zao za studio, tuambiane ukweli, nyingi ni za kusikiliza mara moja ukazirudisha kabatini. Utamu uko kwenye kanda. Mashabiki waliingia ukumbini na mashine zao, wakarekodi usiku baada ya usiku, wakagawana bure, na bendi ikawaachia. Sharti lilikuwa moja: usiuze.

Mimi zilinipata hivi. Mwaka 2009 nilikuwa jimbo la New York, mwanafunzi, usiku nafanya usafi kwenye jengo la ofisi ili kodi itoke. Mwenzangu wa zamu alikuwa mzee wa Kimarekani, ndevu nyeupe, nywele kazifunga nyuma kwa mpira, maneno ya kuhesabu. Gari lake lilikuwa bovu lakini lina redio kaseti. Usiku wa theluji aliponipa lifti mara ya kwanza nilidhani kanda imekwama. Gitaa linakwenda, linakwenda, haimbi mtu. Tumepita taa tatu, tumepita daraja, tumefika mlangoni kwangu, wimbo ule ule. Nikamuuliza, mzee, huu unaisha lini? Akazima injini, redio akaiacha. Tukakaa pale kama dakika kumi, vioo vyote vimeshika ukungu, mpaka sauti ya Garcia ikarudi kuimba na ukumbi mzima ukalipuka. Mwili ukanisisimka na sikujua kwa nini.

Nilipokuwa narudi nyumbani alinipa boksi la viatu lenye kaseti 31, Maxell XLII za dakika 90. Kwenye kila kadi kaandika kwa penseli herufi ndogo kama sisimizi: tarehe, mji, orodha ya nyimbo, na katikati ya baadhi ya nyimbo alama hii: >. Mwanzoni nilidhani anapanga wimbo upi ni mkubwa kuliko upi, kama hesabu za darasa la tatu. Kumbe maana yake ni kwamba hawakusimama. Wimbo mmoja umemwagikia kwenye mwingine bila bendi kunyamaza, na pale kwenye mshale ndipo mashabiki wanapoishi.

Mfano ule unaofahamika zaidi: "Dark Star" ilitoka 1968 kama santuri ndogo, haifiki dakika tatu, haikuuza. Usiku wa 27 Februari 1969, pale Fillmore West, San Francisco, ilikwenda dakika 23, na ndiyo iliyofungua albamu ya Live/Dead. Agosti 1972 ikavuka dakika 30. Maneno ni yale yale machache. Nikikuambia "naipenda Dark Star", swali la haki ni: ya lini?

Basi kila mmoja alete onyesho lake moja na sababu. Nawasilisha.

#2 MtuWaMagomeni

Dakika 30 wimbo mmoja? Hao watu hawana makwao?

Mleta mada, samahani, nimesoma mpaka mwisho kwa heshima yako. Ila mimi naamini wimbo ukishapigwa vizuri studio, umeisha. Kusikiliza wimbo huo huo mara 40 umepigwa na watu wale wale ni kama kula ugali huo huo na kila siku unaulizwa unauonaje.

#3 Fundi Besi

Nimeweka kiti. Mmoja wa wale watatu ni mimi.

MtuWaMagomeni, mkuu, urefu usikutishe, wewe umekulia kwenye dansi. Santuri ya 45 haikuwa na nafasi, kwa hiyo wimbo ulikatwa: Part 1 upande huu, Part 2 upande ule, ugeuze mwenyewe. Ukumbini bendi haikuwa na habari ya upande. Sebene lilikwenda mpaka viatu viombe msamaha. Tulichonunua dukani kilikuwa kipande tu cha kile kilichopigwa. Sasa fikiria mtu angekuwa amesimama pale ukumbini na mashine kila Jumamosi kwa miaka 30, kanda zote zipo, zina tarehe. Ungezikataa?

Ila sitaki kudanganya kwamba ni kitu kimoja. Sebene lina kazi yake, kuchezesha, na mapigo hayaachiliwi hata dunia ipasuke. Dead wanaachia hata mapigo yapotee. Kuna dakika unasikia kabisa hawajui waendako, kila mtu anapapasa ukuta gizani, halafu mmoja anagusa swichi.

Mara nyingi anayegusa ni Phil Lesh wa besi. Huyu alitokea kwenye tarumbeta na utunzi wa muziki mgumu wa kisasa. Besi alijifunza akiwa tayari ndani ya bendi. Ndiyo maana hapigi kama mpiga besi. Sisi tunafundishwa kaa chini, shika mzizi, mwachie solo apae. Yeye anazunguka, anapanda, anajibizana na Garcia kama mawifi wawili jikoni. Mara ya kwanza nilimsikia nikasema huyu kijana afukuzwe. Mara ya tano nikaanza kumfuata yeye peke yake. Alifariki Oktoba 2024, na wiki ile sikuweka kitu kingine masikioni.

Onyesho langu nitaleta baadaye, nina mtu wa kubishana naye kwanza.

#4 Mama Kayla

Sasa wadau. Mimi niko Nakuru na niko na swali la mtu mgeni. Hizi kanda mnazitoa wapi siku hizi? Kaseti player ya mwisho kwetu ilikufa kabla nianze sekondari. Na bundles je? Sitaki kuanza kitu kitanimalizia data ya mwezi.

#5 KandaYaTisini

Karibu sana dada. Nenda Internet Archive, kuna sehemu ya muziki wa jukwaani, Dead wana maelfu ya rekodi humo, bure, halali. Unachagua mwaka, halafu tarehe. Tarehe moja inaweza kuwa na rekodi tano sita za watu tofauti.

Kuna aina mbili kuu. Kanda ya miksa imetoka moja kwa moja kwenye mitambo ya bendi: safi, kila chombo kimekaa mahali pake. Kanda ya ukumbini amerekodi shabiki kwa maikrofoni zake: unasikia ukumbi, makofi, jirani anayepiga mluzi. Za ukumbini unapakua. Za miksa nyingi unasikiliza hapo hapo tu.

Hilo lina kisa chake. Novemba 2005 ghafla upakuaji wote ukaondolewa kwa matakwa ya upande wa bendi. Mashabiki waliwaka! Watu waliowalipia tiketi miaka 30, wakajaza saini, wakatishia kususia kila kitu. Ndani ya siku chache wakarudisha za ukumbini kupakuliwa na za miksa kusikilizwa tu, na mpaka leo ndivyo ilivyo. Hoja ya mashabiki ilikuwa moja na mimi naona ilikuwa ya haki: Garcia mwenyewe alishasema zamani kwamba wakimaliza kuupiga muziki, wao wamemaliza nao, anayeutaka auchukue.

Kuhusu data: onyesho zima la saa tatu kwa MP3 ni kama MB mia mbili tatu hivi. Kwa FLAC, faili lisilopunguza ubora wa sauti, linakaribia GB nzima. Anza na MP3, ukishapotea kabisa ndipo utajua habari za FLAC.

#6 Mama Kayla

Asante. Nimeanza na ile umetaja ya 1969. Niko dakika ya 9, sijui niko wapi lakini sijatoka.

#7 MtuWaMagomeni

Na mimi nikasema nisiwe mtu wa maneno. Nimeingia huko, nimebonyeza ya kwanza niliyoiona, ya 1989. Nimeangukia mahali watu wanatwanga ngoma dakika kumi, halafu magitaa yanalia kama mlango wa ghala la pamba. Huu ni muziki au kuna fundi anafungua geti?

#8 KandaYaTisini

Hahaha, umeingia kwa mlango wa choo mkuu. Hiyo ni Drums na Space. Tangu 1978 karibu kila seti ya pili, yaani nusu ya pili ya onyesho, ina kipande hicho: wapiga magitaa wanatoka, wanabaki wapiga ngoma wawili, Bill Kreutzmann na Mickey Hart, kisha ngoma zinatoka na magitaa yanarudi kupiga bila wimbo wowote. Hata wafia dini wengi ndio muda wao wa kwenda kununua kinywaji. Mimi nazipenda za ngoma, za Space nachagua siku. Hart alikuwa mkusanyaji wa ngoma za dunia nzima. Babatunde Olatunji wa Nigeria ndiye aliyewafungulia jukwaa mkesha wa mwaka mpya wa 1985 pale Oakland, na baadaye wakarekodi pamoja.

Usianze na 1989. Anza na seti ya pili ya Cornell, 8 Mei 1977. Ukiishinda hiyo, nakuruhusu uondoke na nitakulipia bando.

#9 MtuWaMagomeni

Imeandikwa. Mashahidi mpo.

#10 Mwana wa Mvita

Salaam aleikum ndugu zangu. Mimi hapa Mombasa, na mlango wangu wa kuingilia haukuwa Cornell wala San Francisco. Ni Misri.

Babu yangu mzaa mama alikuwa akipiga udi kwenye harusi, na nyumbani tulikua na kanda za Cairo kuliko mikeka. Sasa siku moja natafuta mambo ya Hamza El Din, yule Mnubi wa udi na tari, aliyezaliwa Toshka, kijiji kilichozama pamoja na nchi yao yote maji ya bwawa la Aswan yalipopanda. Yeye alihamia Marekani akafundisha huko. Katika kutafuta nakutana na jina la Hamza kwenye onyesho la bendi ya Wamarekani wenye nywele ndefu, mjini Giza, chini ya mapiramidi, Septemba 1978. Nikasema hapa pana makosa ya uandishi.

Hapana makosa. Walipiga usiku tatu, tarehe 14, 15 na 16, jukwaa karibu na Sphinx. Usiku wa mwisho mwezi ukapatwa, kupatwa kamili, wallahi si hadithi, hesabu za anga zipo. Mapato wakayatoa kwa misaada na kwa idara ya mambo ya kale ya Misri. Walijaribu hata kuvuta waya mpaka chumba cha mfalme ndani ya piramidi kubwa ili sauti ikapige mwangwi mle ndani irudi. Haikufaulu.

Sikilizeni tarehe 16. Seti ya pili inaanza kwa makofi. Hamza na Wanubi wenzake wanapiga makofi ya kwao, mzunguko wa mapigo kumi na mawili, wanaimba kwa kuitikiana. Mtoto wa pwani makofi yale anayajua kabla hajaambiwa, yana ujamaa na ya kwetu. Halafu mmoja mmoja, polepole mno, wale Wamarekani wanaingia. Gitaa la Garcia linaingia kama mgeni aliyevua viatu mlangoni. Hamfuniki mtu. Anatafuta pa kukaa kati ya makofi, anapapata, na bila wewe kujua makofi yamekuwa "Fire on the Mountain". Nimerudia pale mahali hata mke wangu akaniuliza kama simu imeharibika.

Niseme na aibu zake pia. Bendi haikuwa katika ubora. Kreutzmann alikuwa amevunjika kifundo cha mkono. Piano ilikuwa nje ya sauti, unasikia kabisa inavuta kwake. Wao wenyewe hawakuridhika, kanda zikakaa ndani miaka 30, zikatolewa rasmi 2008 tu. Lakini ile ya kuingia kwa adabu kwenye muziki wa mwenyeji, hiyo haikuharibiwa na piano. Taarab yetu nayo ilitokea huko huko Cairo, kwa njia ya Sultani Barghash, na mpaka leo wapo wanaopiga udi kwa pupa kuliko yule kijana wa California usiku ule.

#11 Fundi Besi

Mwana wa Mvita, hii post nimeihifadhi. "Kama mgeni aliyevua viatu mlangoni." Kuna watu wameandika vitabu vizima juu ya Garcia wasiseme hivyo.

#12 Dereva wa Usiku

Wadau, nawasalimu kutoka barabarani. Ni Mtanzania, naendesha lori huku Ohio na Pennsylvania, na hizi kanda ndizo zinanitoa usingizini saa tisa za usiku. Kahawa inanisaidia saa moja, onyesho zima saa tatu.

Niongeze habari za warekodi, maana naona mleta mada kapita haraka. Mwanzoni walikuwa wanaingiza mashine kwa wizi, chini ya makoti, kwenye mifuko ya chakula. Miaka ya sabini katikati tayari kulikuwa na vikundi vya kubadilishana, na jarida la Relix lilianza 1974 kama kijarida cha watu wa kanda. Miaka ya themanini stendi za maikrofoni zilikuwa nyingi kiasi kwamba walioketi nyuma wanaona msitu badala ya bendi, na fundi mitambo mwenyewe anazibwa. Bendi ingeweza kupiga marufuku. Oktoba 1984, pale Berkeley, wakawatengea sehemu yao maalumu nyuma ya miksa, na tiketi zao. Wakapewa eneo kama wachuuzi walivyopewa soko.

Kubadilishana nako kulikuwa na adabu. Mgeni asiye na kitu anatuma kaseti tupu na stempu za kurudishia, mwenye nacho anakudabia. Ukishapata, na wewe unamdabia anayefuata. Kila kudabu kunaongeza mvumo, ile shhhh. Ndiyo maana kwenye kadi waliandika kizazi cha ngapi. Kanda ya kizazi cha sita ni kama kusikiliza bendi ikipiga ndani ya bafu la jirani, na watu walikuwa wanaipokea kwa mikono miwili.

Mimi ni mtu wa kanda za ukumbini, najua nitapingwa. Kanda ya miksa inakupa bendi, ila haikupi mahali. Mfano 1974, mwaka wa ule ukuta wao wa spika. Watu kama Owsley Stanley walitengeneza mtambo wa tani 75, spika kama 600, umejengwa nyuma ya wanamuziki kwenda juu kama ghorofa tatu. Kila chombo na spika zake. Kwa kuwa sauti yote ilikuwa inawatokea mgongoni, maikrofoni za waimbaji zingerudisha kelele ile ile na kuanza kupiga kelele za kuudhi, basi kila mwimbaji aliwekewa maikrofoni mbili zilizofungwa kinyume. Anaimba kwenye moja tu. Kinachoingia zote mbili kinajifuta. Akili kubwa. Hasara yake ni kwamba sauti za kuimba za mwaka ule zimekonda kidogo, ukisikiliza utagundua. Sasa mtambo huo uusikilize kwa waya wa miksa? Umekwenda baharini ukaoga kwa ndoo. Tafuta kanda ya ukumbini ya 1974 usikie besi inavyotembea kwenye hewa.

Hawakudumu nao. Ulikuwa unakula mafuta, malori na watu, na Oktoba 1974 wakapumzika kabisa barabarani.

#13 Kijiti77

Nafuatilia. Endeleeni.

#14 Fundi Besi

Haya, zamu yangu na ubishi wangu. Cornell inasifiwa kupita kiasi.

Subirini, msinitoe roho. Ni nzuri, safi, haina doa. Lakini sehemu ya sifa yake ni kwamba kanda safi ya miksa ilisambaa mapema na kila mtu akawa nayo. Usiku uliofuata, 9 Mei, Buffalo, walifungua na "Help on the Way", wakapiga kwa hasira zaidi, na hakuna anayeandika "Buffalo 77" kwenye nyuzi za rumba. Mei ile nzima walikuwa moto. Chagua tarehe yoyote kwa kufumba macho.

Mimi langu ni la 1990, 29 Machi, Nassau Coliseum. Alialikwa Branford Marsalis na saksafoni yake, mtu wa jazz, ahusike kwenye wimbo mmoja wa seti ya kwanza. Wakapiga "Bird Song" naye, wakamzuia asiondoke, akabaki seti nzima ya pili. Msikilizeni kwenye "Eyes of the World". Hakuna mazoezi pale, na saksafoni inajua njia kuliko wenyeji. Watu husema miaka ya themanini mwishoni wazee walishachoka. Wasikilize usiku ule.

#15 KandaYaTisini

Fundi, Buffalo nakupa, Nassau nakupa na nyongeza. Lakini "haina doa" si kosa la Cornell.

#16 Bi Shemeji

Nimesoma kurasa zote na kuna wanawake wawili mmewaruka, kwa hiyo nimebidi niingie.

Wa kwanza ni Betty Cantor-Jackson. Hizo kanda "safi, hazina doa" mnazogombania za 1977 hazikujirekodi. Yeye ndiye aliyekaa na mashine usiku ule, anachanganya sauti kwa masikio yake kwenda kwenye tepu ya njia mbili, papo hapo, hakuna kurekebisha kesho. Enzi hizo mwanamke kwenye kazi ya mitambo ya sauti alikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Baadaye maisha yakamgeuka, tepu zake zikawa kwenye chumba cha kukodi cha kuhifadhia mizigo, kodi ikamshinda, na katikati ya miaka ya themanini vitu vikapigwa mnada. Mamia ya reli za tepu zikaenda kwa watu baki, nyingine zikaota ukungu. Ni kutoka kwenye mzigo huo kanda ya Cornell ilipoanza kuzagaa ikiwa safi vile. Mwaka 2011 Maktaba ya Bunge la Marekani ikaichagua ihifadhiwe kama urithi wa taifa, na rasmi ikatoka 2017, miaka 40 baada ya usiku wenyewe. Mashabiki wanaziita kwa jina lake, Betty. Angalau hilo.

Wa pili ni Donna Jean Godchaux, aliyeimba nao kuanzia 1972 hadi 1979. Kila uzi wa kanda lazima atokee mwanamume aandike kwamba anapiga kelele. Nimeshangaa huu umefika post ya 16 hajatokea, nikaona nimwahi. Jamani, huyu kabla ya Dead alikuwa mwimbaji wa studio kule Muscle Shoals, Alabama. Yumo nyuma ya Percy Sledge, yumo nyuma ya Elvis Presley. Mtu asiyejua sauti haitwi huko. Akatoka studio, mahali unavaa hedifoni na unajisikia mpaka pumzi, akasimamishwa kwenye jukwaa ambalo mwenyewe alisema alikuwa hajisikii. Imba wewe hujisikii uone kama utakaa kwenye ufunguo. Msikilizeni 1977, mitambo ilipotulia. Au msikilizeni kwa haki tu.

Mimi kwetu tunaimba kwaya, najua ninachosema. Siku spika ya mbele yetu ilipokufa kwenye harusi ya dada yangu, sote tulikuwa Donna.

#17 Dereva wa Usiku

"Sote tulikuwa Donna." Nimecheka peke yangu kwenye lori. Nakubali dada, nilikuwa na maneno yangu mawili matatu juu yake, nimeyameza.

#18 Mama Kayla

Hii maneno imenishika vibaya. Nimemaliza ile ya 1969, nikaenda ile ya joto, ya Oregon mlisema Agosti 1972. Hakuna mtu ameeleza hiyo na ndiyo nimependa zaidi. Ni kweli ilikuwa ya kusaidia kiwanda cha maziwa?

#19 KandaYaTisini

Kweli tupu. Veneta, Oregon, 27 Agosti 1972. Kiwanda kidogo cha maziwa, Springfield Creamery, cha familia ya akina Kesey, kilikuwa kinazama kwa madeni. Wakaiomba bendi, bendi ikaja. Tiketi zilichapwa kwenye lebo za mtindi. Watu kama elfu 20 kwenye uwanja wazi, joto limevuka nyuzi 38, na jukwaa walilijenga vibaya: jua la jioni linawapiga wanamuziki usoni. Nyuzi za magitaa zinalegea kwa joto, unasikia wanasimama kuzikaza tena. Kuna filamu yake, na kwenye filamu kuna jamaa yuko uchi juu ya mlingoti nyuma ya bendi, anacheza muda wote bila wasiwasi wa ngozi yake.

Ninachopenda pale ni kwamba unaweza kuliona jua kwenye kanda. Seti ya kwanza wanapiga kama watu wanaotafuta kivuli. "Dark Star" inakuja baadaye jua linashuka, na kuna mahali katikati ambapo kila kitu kinasambaratika, ngoma peke yake, besi peke yake, halafu kutoka kwenye vumbi lile wanaangukia wimbo wa kikauboi, "El Paso", kama mtu aliyezimia akaamka anaulizia kofia yake. Mzee wangu wa zamu aliweka kadi ya kaseti ile alama ya mshale mara mbili: >>. Sijawahi kuiona kwenye kanda nyingine yoyote.

Kiwanda kilipona. Mtindi wao unauzwa mpaka leo.

#20 Mwana wa Mvita

Kumbe hata huko watu huchangishana kwa ngoma. Nilidhani ni sisi tu na harusi zetu.

#21 Kijiti77

MtuWaMagomeni yuko wapi? Ana deni la Cornell.

#22 Fundi Besi

Amelala huyo. Dau la bando limepotea.

#23 MtuWaMagomeni

Sijalala, na msinipigie kelele.

Nimefanya kama nilivyoambiwa. Seti ya pili, 8 Mei 1977, taa nimezima, hedifoni za mwanangu. Kitu cha kwanza kabla ya wimbo wowote, jamaa anashika maikrofoni anawaomba watu wa mbele warudi nyuma hatua moja, wanabanana. Anarudia tena, rudini nyuma.

Mkeo akikuuliza kwa nini umesogea ukutani saa saba za usiku, unamjibuje?

Niko dakika ya 14 ya kile kitu cha kwanza. Wimbo ulibadilika sijui saa ngapi, nimekuja kushtuka tayari tuko kwenye mwingine. Nimerudisha nyuma mara mbili kutafuta mlango na sijauona. Bando langu bado linatosha, msinitafute mpaka asubuhi.